Wanafunzi na Uchaguzi wa Wakuu wa Chuo

Chuo Kikuu kinapoondokewa na mkuu wake, huundwa kamati ya watu wachache ya kumtafuta mwingine. Kamati hiyo hupokea majina, huwaita watu na kuwahoji, kisha hupeleka neno lake mbele ya Baraza. Siku hizi katika nchi kadha wa kadha mwanafunzi naye huketi katika kamati ya namna hiyo, aliyetumwa na wenzake. Wako wazee waonao kuwa huu ni utovu wa adabu, ati mtoto kumchagua baba; tena husema ni jambo jipya, lililozuka juzi. Habari ya adabu msomaji ataipima mwenyewe. Lakini kwamba ni jambo jipya, hilo si kweli.

Katika mji wa Bologna, nchi ya Italia, tangu karne ya 12 walikusanyika watu kutoka pande nyingi za Ulaya kujifunza sheria. Wengi wao hawakuwa watoto; walikuwa watu wazima, na wengine walikwisha kuwa na vyeo kanisani makwao. Lakini mjini walikuwa wageni, na mgeni hana wa kumtetea barazani. Basi wakafunga umoja, watu wa ng'ambo ya milima ya Alps mbali, na watu wa Italia mbali, na kila umoja ukachagua mkuu wake, aitwaye Rekta. Huyo Rekta mwenyewe alikuwa mwanafunzi. Amri zao za karne ya 14 zilitaka awe ametimiza miaka 24, awe amesoma sheria miaka 5, awe mtu wa daraja ya kanisa, asiye na mke.

Walimu waliapa kumtii Rekta huyo. Mwalimu hakuweza kukosa kufundisha hata siku moja bila ruhusa, na akitaka kutoka mjini aliweka amana ya fedha, ili ijulikane kwamba atarudi. Kengele ikilia sharti aanze. Kengele ya pili ikilia sharti anyamaze, la sivyo alitozwa faini. Hata wasikilizaji wake wasipotimia watano alihesabiwa kuwa hakufundisha siku ile, akalipa. Mimi niliye mwalimu nasoma amri hizi na kushukuru kwamba sikuzaliwa zamani zile.

Nguvu hii yote ilitoka mfukoni. Walimu walikula kwa ada za wanafunzi, na wanafunzi wakikasirika waliweza kuhama mji pamoja, wakamwacha mwalimu bila chakula na mwenye nyumba bila mpangaji. Mwishoni mwa karne ya 13 wakuu wa mji wakaanza kuwalipa baadhi ya walimu mshahara kutoka hazina ya mji. Wanafunzi walifurahi, maana mzigo umewatoka. Waliendelea kumchagua Rekta wao, lakini kidogo kidogo neno la nani afundishe na kwa masharti gani likahamia kwa wale waliolipa. Hawakupigwa vita wala hawakufukuzwa. Walipunguziwa gharama tu.

Wakati huo desturi ya Bologna ilikuwa imeanza kusafiri. Mwaka 1451 Papa Nicholas V alitoa hati ya kuanzisha Chuo Kikuu katika mji wa Glasgow, nchi ya Uskoti, akakipa haki kama zile za chuo cha Bologna. Huko nako Rekta alichaguliwa kwa kura, na wapiga kura waligawanywa katika makundi manne yaliyoitwa mataifa, kila mtu kwa upande wa nchi alikozaliwa. Mwanzoni mwa karne ya 18 wanafunzi walinyimwa kura hiyo. Walinung'unika, wakapeleka mashtaka, na baada ya tume kuja kukagua chuo walirudishiwa haki yao mwaka 1727.

Tusistaajabie ushupavu wao, maana Waskoti wa siku hizo hawakukubali upesi kuchaguliwa mkubwa. Katika kanisa lao, sheria ya mwaka 1712 iliwapa matajiri wenye mashamba haki ya kumweka mchungaji juu ya ushirika, hata kama washiriki hawamtaki. Ugomvi ulidumu zaidi ya miaka mia, na mwaka 1843 wachungaji zaidi ya 450 waliacha makanisa yao, nyumba zao na mishahara yao kwa ajili ya neno hilo. Sheria ile haikufutwa mpaka mwaka 1874.

Baina ya miaka hiyo miwili, yaani mwaka 1858, Bunge lilitunga sheria ya vyuo vikuu vya Uskoti. Rekta akawekwa kuwa mwenyekiti wa Baraza la Chuo, na kura ikawa ya wanafunzi. Mkuu wa kuendesha kazi za kila siku alikuwa mtu mwingine. Lakini kiti cha juu katika Baraza kilikuwa cha mtu wa wanafunzi. Katika Edinburgh wa kwanza kuchaguliwa chini ya sheria hiyo, mwaka 1859, alikuwa William Gladstone, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza.

Hapa ndipo naona wanafunzi walipojikosesha wenyewe. Walipenda majina makubwa. Wa St Andrews walimchagua mwanafalsafa John Stuart Mill mwaka 1865. Hotuba yake ya kuingia kazini aliitoa mwaka 1867. Wa Edinburgh walimchagua Alexander Fleming, aliyevumbua penisilini, mwaka 1951, wakati Julius Nyerere alipokuwa akisoma katika chuo hicho. Hao walikuwa watu wa kuheshimiwa, lakini mtu mwenye shughuli zake kwingine haketi barazani mwezi kwa mwezi kusikia habari za ada na vyumba vya kulala. Kura ikawa heshima wanayompa mtu, badala ya kuwa kazi wanayomtuma.

Nakiri kwamba pana siku heshima peke yake ilitosha. Mwaka 1962 wanafunzi wa Glasgow walimchagua Albert Luthuli wa Afrika Kusini, mwalimu na Mkristo, aliyekuwa amepewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Serikali ya nchi yake ilikuwa imemfungia katika wilaya yake, asiweze kwenda kukalia kiti. Kura ile haikuleta faida barazani, lakini ilitangaza jambo mbele ya ulimwengu, nami siwezi kuilaumu.

Mwaka 1972 wa Edinburgh walifanya vingine. Walimchagua mwanafunzi mwenzao, Gordon Brown, mwenye umri wa miaka 21, yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 2007. Naye hakuridhika na jina. Aliketi kitini mwa mwenyekiti na kuendesha mikutano, wakubwa wengine wakaudhika sana, akadumu mpaka mwaka 1975.

Mwaka 2016 Bunge la Uskoti likatunga sheria mpya. Kila Baraza la chuo sharti liwe na wanafunzi wawili waliopendekezwa na chama chao. Na kiongozi wa Baraza asiye mtumishi wa chuo hutafutwa na kamati ambayo ndani yake sharti awemo mwanafunzi mmoja angalau. Kisha majina yaliyokubaliwa hupigiwa kura na wajumbe wa Baraza, watumishi na wanafunzi.

Mwanafunzi huyo mmoja ana shida ambayo Rekta wa Bologna hakuijua. Mambo ya kamati za namna hii kwa kawaida ni siri, kwani wanaoomba kazi hawataki kutangazwa kabla ya wakati. Basi ametumwa na wenzake, lakini hawezi kurudi kuwaambia aliyoyasikia. Wakimwuliza, hujibu kwamba atasema siku ya kusema itakapofika. Tena ni mmoja kati ya wengi, na wenzake mezani wamezoea kazi hiyo tangu yeye hajazaliwa. Neno lake lina uzito mwanzoni, zinapoandikwa sifa za mtu anayetakiwa, kuliko mwishoni, majina yanapokuwa yamebaki mawili au matatu. Kwa hiyo wanaomchagua mjumbe wafanye kazi yao mapema, wamwambie wanataka mkuu wa namna gani kabla kamati haijakutana mara ya kwanza. Na wamtume mtu atakayekuwapo chuoni mpaka shughuli iishe, asiyemaliza masomo yake katikati akakiacha kiti kitupu.