Kirangozi na Mnyapara: Wakubwa Wawili wa Msafara

Msafara wa biashara wa karne ya 19, uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ulikuwa na wakubwa wawili wa kazi: kirangozi na mnyapara. Mmoja alitangulia mbele, mwingine alifuata nyuma. Kati yao walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mpagazi aliweza kubeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, za pembe za ndovu, shanga au nguo za merikani.

Kazi ya mnyapara ilikuwa ya hesabu na utaratibu. Aligawa mizigo, akahakikisha posho ya kibaba cha nafaka inamfikia kila mtu, akaamua ugomvi na kuwahimiza waliochelewa. Mamlaka yake yalitoka kwa tajiri mwenye mali, na kwa tajiri huyo ndiko alikojibu mzigo ulipopotea au mpagazi alipotoroka.

Kirangozi alijua njia, visima na mahali pa kupiga kambi. Alivaa manyoya na ngozi, akashika bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar, huku ngoma na baragumu zikitangaza safari. Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, aliandika kwamba haikuruhusiwa mtu kumtangulia kirangozi. Aliyethubutu alichomolewa mshale podoni, uwe ushahidi wa kumtoza faini mwisho wa mwendo. Hata hivyo, heshima hiyo haikutoka kwa tajiri peke yake. Ilibidi wapagazi wenyewe wamkubali, kwa kuwa naye alikuwa mtu wa kazi ile ile, aliyekwisha kuijua njia kwa miguu yake.

Tofauti hiyo ilionekana zaidi wakati wa shida. Posho ikipungua au mwendo ukizidi, wapagazi walitua mizigo chini na kukataa kuendelea, au walitoroka usiku. Fimbo haikusaidia sana, maana aliyepigwa leo kesho hakuonekana, na mzigo usio na mbebaji ni hasara. Hapo tajiri alihitaji hesabu ya mnyapara ili alipe haki ya watu, na alihitaji pia neno la kirangozi ili watu wainuke. Posho bila mtu wa kufuatwa haikuusogeza msafara, na wimbo wa mbele haukushibisha tumbo.

Utawala wa Wajerumani ulivunja ulinganifu huo. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Treni haikuhitaji mjuzi wa njia, na kirangozi akakosa kazi. Mnyapara alibaki. Alihamia kwenye mashamba ya mkonge na kambi za ujenzi, akawa msimamizi wa vibarua walioandikiwa siku zao za kazi kwenye kipande. Huko hakukuwa na wa kutangulia mbele. Alibaki wa kusimama nyuma ya mgongo wa mfanyakazi.

Lugha imehifadhi hukumu ya wafanyakazi. Mpaka leo mtu huitwa kiongozi, neno linalofanana na kirangozi, kwa heshima, lakini kuitwa mnyapara ni kusutwa.