Jinsi ya kumfunza mtoto nyumbani kuhusu dinosauri na visukuku

WATOTO wengi huwafahamu dinosauri kupitia filamu na vitabu vya picha. Baadhi yao hudhani wanyama hao ni wa kubuni kama mazimwi ya hekaya. Wengine huamini kwamba waliishi pamoja na binadamu. Mzazi anayemfunza mwanawe nyumbani, au anayetaka kumshughulisha wakati wa likizo, anaweza kuyasahihisha mawazo hayo kwa vifaa vya jikoni na uani. Lengo si kumkaririsha mtoto majina magumu, bali kumzoeza kutazama kwa makini, kupima na kuandika anachokiona.

Kisukuku ni nini?

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe aliyeishi zamani za kale, iliyohifadhika ardhini. Mnyama akifa, aghalabu huliwa au huoza. Lakini akifunikwa upesi na matope au jivu la volkano, mifupa yake huweza kusalia. Maji yenye madini huingia katika vitundu vya mfupa, na madini hayo huganda humo hadi mfupa ukawa mgumu kama jiwe. Wakati mwingine mfupa wenyewe hutoweka, ukabaki umbo lake tu.

1. Alama na nakala

Mpe mtoto bonge la udongo wa mfinyanzi. Alibonyeze kwa jani, gamba la konokono au mfupa wa kuku, kisha akiondoe kitu hicho taratibu. Alama inayobaki ni mfano wa kisukuku cha umbo. Mimina uji wa plasta ya jasi ndani yake, usubiri ukauke, kisha ubandue udongo. Utapata nakala ya kitu kile.

Kazi ya kuchanganya plasta ni ya mtu mzima. Vumbi lake halifai kuvutwa puani, na plasta hutoa joto inapoganda, hivyo mtoto asitumbukize mkono ndani. Aidha, masalio yasimwagwe kwenye sinki kwani yataziba mabomba.

2. Mfupa kugeuka jiwe

Kata sponji iwe na umbo la mfupa. Koroga chumvi katika maji moto hadi isiweze kuyeyuka zaidi. Maji yakipoa, loweka sponji humo, kisha uiweke juani kwa siku kadhaa. Sponji itakuwa ngumu na nzito, kwa kuwa chumvi imejaza vitundu vyake. Mtoto aipime kwa mizani kabla na baada, aandike tofauti.

3. Kufukua

Chemsha mifupa ya kuku, isafishe na kuianika. Ifukie ndani ya karai katika matabaka matatu: mchanga, udongo mwekundu na udongo mweusi. Tandaza nyuzi juu ya karai ili kuigawa katika miraba. Mtoto afukue kwa kijiko na mswaki mkuukuu, akichora kila mfupa ulipopatikana na katika tabaka lipi.

Zoezi hili lina funzo kuu: tabaka la chini ndilo lililotangulia kuwekwa, hivyo kilichomo humo kwa kawaida ni cha kale zaidi. Mwambie achomoe mfupa mmoja bila kuandika mahali ulipokuwa, kisha umuulize ulitoka tabaka gani. Atatambua mwenyewe kwamba kisukuku kilichong'olewa ovyo hupoteza sehemu kubwa ya habari zake.

4. Uzi wa wakati

Kata uzi wa sentimita 230. Kila sentimita ni miaka milioni moja, na ncha moja ni leo. Dinosauri wa kwanza wanaojulikana waliishi karibu na ncha ya pili. Kwenye sentimita 150 funga fundo la dinosauri wa Tendaguru, eneo la Lindi, Tanzania. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walisimamia ufukuaji huko, na wapagazi Waafrika wakabeba mifupa hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao, Giraffatitan, amesimamishwa katika jumba la makumbusho jijini Berlin, kimo chake kikizidi mita 13. Pimeni urefu huo uwanjani kwa kamba ili mtoto auone.

Kwenye sentimita 66 weka fundo la kuangamia kwa dinosauri, isipokuwa jamii ya ndege. Kwenye 18 weka nyani wa kale wa kisiwa cha Rusinga, ambaye fuvu lake lilipatikana mwaka wa 1948. 'Mvulana wa Turkana' atakuwa kwenye sentimita moja unusu. Binadamu wa aina yetu ana umri wa takriban miaka 300,000, yaani milimita tatu tu. Hapo mtoto ataona kwamba binadamu hakukutana kamwe na dinosauri hao wakubwa.

Akikuta kisukuku cha kweli

Kwa familia za Kenya, hili si jambo la kudhaniwa tu. Mabaki ya dinosauri yamepatikana katika milima ya Lapurr, Turkana, na visukuku vya umri mdogo zaidi vimeenea sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Mwaka wa 1984, Kamoya Kimeu aliona kule Nariokotome kipande cha fuvu kilichokaribia ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Kipande hicho ndicho kilichowaongoza watafiti hadi kwenye kiunzi cha Mvulana wa Turkana. Kimeu hakuwa na masomo ya juu; alikuwa na jicho kali na subira.

Kwa hivyo mtoto afunzwe mapema kwamba mchezo wa karai ni wa nyumbani pekee. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 hairuhusu kutafuta na kufukua visukuku bila leseni, na humtaka anayegundua kuarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Asichimbe wala kugonga mwamba. Apige picha akiweka kalamu kando kuonyesha ukubwa, aandike mahali palipo, kisha mzazi apeleke habari. Mfupa ukiuzwa au ukiwekwa sebuleni kama pambo, hakuna atakayejua tena ulitoka wapi wala ni wa enzi gani.