Hesabu ya Karagwe, tasnifu ya Umeå

Mwaka 1983 mkoa wa Kagera uliripoti wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania. Mitaani ugonjwa ukabandikwa jina la Juliana, kitambaa kilichoingia kwa magendo kutoka Uganda, na kila mtu akawa na maelezo yake: uchawi, biashara ya mpakani, vita vya Amin. Kilichokosekana ni hesabu.

Hesabu ilipatikana 1987. Watafiti wa Muhimbili walipita kaya kwa kaya, hojaji mkononi na sindano mkobani, wakachukua damu ya watu 2,475 wa umri wa miaka 15 hadi 54. Bukoba mjini, asilimia 24.2 walikuwa na virusi. Bukoba Vijijini na Muleba, 10.0. Karagwe, 4.5. Ngara na Biharamulo, 0.4 tu! Mkoa mmoja, lakini msiba haukugawanywa sawa hata kidogo.

Kazi hiyo ilibebwa na ushirikiano wa utafiti wa Tanzania na Sweden ulioanza 1986, na ndani yake walisomeshwa Watanzania. Japheth Killewo alitetea tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Umeå, kaskazini mwa Sweden, mwaka 1994. Gideon Kwesigabo akafuata 2001, akionyesha jinsi maambukizi yalivyoshuka: Karagwe ilikuwa imefika asilimia 2.6 mwaka 1999. Ufadhili mwingi humpa mwanafunzi maswali ya wenyeji wake. Huu wa ushirikiano huo ulimwacha aende na maswali ya kwao, na hapo ndipo ulipoupita mwingine.

Hata hivyo, wastani huficha mengi. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kwa hiyo ile 4.5 ya 1987 iliwakilisha wakulima wa kahawa na migomba wa kata kama Kanoni pamoja na wakazi wa Murongo, mpakani kabisa na Uganda, ambako magari na wageni hawakauki. Nani alibeba mzigo zaidi? Wastani haujibu.

Tasnifu zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Vijana wa Karagwe na Kyerwa wanaoomba ufadhili leo waitenganishe hesabu ya Karagwe kata kwa kata, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji, Kanoni ikiwa ya kwanza.