Mtoto Asilale Selo ya Wakubwa

Wazo la kumtenga mtoto na wafungwa watu wazima ni changa kuliko jela yenyewe. Katika Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19, mtoto aliyetimiza miaka 7 aliweza kushtakiwa kwa jinai, na akitiwa hatiani aliingia kwa lango lile lile la wezi sugu na wauaji.

Mwaka 1838 lilifunguliwa gereza la Parkhurst, katika kisiwa cha Wight, kwa ajili ya wavulana peke yao. Wakubwa hawakuwamo, lakini utoto wa waliokuwamo haukuheshimiwa: miaka ya mwanzo walifungwa minyororo miguuni, na wengi waliishia kupakiwa melini kwenda Australia na New Zealand. Mary Carpenter, mwalimu wa Bristol aliyefundisha watoto wa mitaani, alilishutumu gereza hilo katika kitabu chake cha 1851 na kudai shule badala ya jela. Bunge lilimsikia nusu. Sheria ya 1854 iliziruhusu mahakama kuwapeleka watoto katika shule za marekebisho, ila kwa sharti kwamba kila mtoto atumikie kwanza siku zisizopungua 14 katika jela ya kawaida. Alipitishwa palepale alipopaswa kuepushwa. Sharti hilo la kikatili halikufutwa kabisa hadi 1899.

Jinsi mtoto alivyoishi ndani ya jela za namna hiyo ilijulikana kwa umma kutokana na tukio la Mei 1897 katika gereza la Reading. Watoto watatu, waliofungwa kwa kisa cha sungura baada ya kushindwa kulipa faini, walionekana wamesimama mstari katika ukumbi wa kati, wamevaa sare za gereza, shuka zao kwapani, wakisubiri kupelekwa kwenye selo. Mmoja alikuwa mdogo kiasi kwamba hapakupatikana nguo ya kumtosha. Askari magereza aitwaye Thomas Martin alimkuta mdogo huyo analia kwa njaa, mkate wa gereza umemshinda, akampa biskuti. Kwa huruma hiyo alifukuzwa kazi. Mwandishi Oscar Wilde, aliyekuwa anamalizia kifungo chake humo, aliwaona watoto hao kwa macho yake, na siku chache baada ya kutoka akapeleka barua ndefu katika gazeti la Daily Chronicle. Hoja yake ilipishana na ya warekebishaji wengi. Kwa maelezo yake, wafungwa wenzao ndio waliowaonea huruma watoto. Kilichowaharibu ni jela yenyewe: giza la selo, njaa, na hofu ya mtoto asiyeelewa kwa nini mtu asiyemjua anamwadhibu.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa imeshika njia nyingine. Sheria ya jimbo la Illinois ya 1899 ilikataza mtoto wa chini ya miaka 12 kuwekwa jela au kituo cha polisi, na Julai mwaka huo mahakama ya kwanza ya watoto ikaanza kazi Chicago. Serikali haikutenga fedha za kuwalipa maofisa wa kuwasimamia watoto hao nje ya jela. Vyama vya wanawake wa mji huo ndivyo vilivyochangisha mishahara. Uingereza ilifuata kwa Sheria ya Watoto ya 1908, iliyofuta kifungo cha jela kwa walio chini ya miaka 14 na kuanzisha mahakama zao. Kwa vijana wa umri wa juu kidogo, jaribio lililofanywa katika kijiji cha Borstal, Kent, liliacha jina ambalo Wakenya wanalijua hadi leo kupitia taasisi za Shimo la Tewa, Mombasa, na Shikusa, Kakamega.

Tanganyika ilipata sheria yake ya watoto na vijana mwaka 1937. Ilimwagiza mkuu wa kituo cha polisi amzuie mtoto aliye mahabusu asichangamane na washtakiwa watu wazima, kadiri inavyowezekana. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo mlango ambao watoto wengi wamepitia. Kituo chenye selo moja hakina inavyowezekana.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, miaka miwili baada ya kupitishwa na Umoja wa Mataifa. Ibara yake ya 37 inataka mtoto aliyenyimwa uhuru atengwe na watu wazima, isipokuwa pale ambapo kutomtenga kuna maslahi kwake. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikwenda mbali zaidi kwa upande wa hukumu: mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, hahukumiwi kifungo cha jela kabisa. Mahakama inaweza kuamuru apelekwe shule ya maadilisho, na kwa miaka mingi shule hiyo imekuwa moja tu, Irambo, mkoani Mbeya. Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 2011.

Tatizo lililobaki liko kabla ya hukumu. Mahabusu za watoto zilijengwa katika miji michache, ikiwemo Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya. Mtoto anayekamatwa mbali na miji hiyo na kukosa dhamana hupakiwa karandinga pamoja na wakubwa, na kesi ikiahirishwa hurudi nao gerezani. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipokagua magereza na vituo vya polisi, katika ripoti yake ya 2011 ilieleza kuwa imewakuta watoto wakishikiliwa pamoja na watu wazima.

Jambo jingine ni umri. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa huandikiwa miaka kwa kukadiriwa kwa macho, na mvulana wa miaka 16 mwenye kimo huweza kuandikwa 19 katika hati ya mashtaka. Kuanzia hapo kila ofisi humhesabu mtu mzima. Sheria inaitaka mahakama ichunguze umri pale anayefikishwa mbele yake anapoonekana kuwa mtoto, na ushahidi wa daktari hukubaliwa. Kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au maelezo ya mzazi huweza kusaidia, iwapo kuna ndugu aliyepewa taarifa akafika nayo. Kazi ya kumtafuta ndugu huyo kwa kawaida humwangukia ofisa ustawi wa jamii wa wilaya.