Kutoka volti 24 hadi 400: jinsi umeme wa jua unavyopandishwa

Pano moja ya jua yenye seli 60 hutoa karibu volti 30. Betri zinazowekwa katika parokia, shule na vituo vya afya ni za volti 12, 24 au 48. Lakini vipaza sauti, kompyuta na friji huomba volti 220 au 230 za umeme geu, yaani ule wa mtandao wa mji. Wimbi la umeme huo hufika volti 325 kwenye kilele chake. Kwa hiyo, kabla ya kutengeneza wimbi, mashine inapaswa kuwa na umeme mnyoofu wa volti 350 hadi 400. Kifaa kinachotoa volti 24 na kuzifikisha huko huitwa kipandisha volti.

Jambo la kwanza kuelewa

Kipandisha volti hakizalishi nguvu. Kinachopatikana kwa volti hulipwa kwa ampea. Vyombo vya wati 1000 vinahitaji ampea 2.5 tu kwenye volti 400, lakini betri ya volti 24 itatoa karibu ampea 42. Tena sehemu ya nguvu hupotea kuwa joto. Kifaa kikiwa na ufanisi wa asilimia 90, betri itatoa ampea 46.

Namna kinavyofanya kazi

Kifaa cha kawaida kina koili, transista, diodi na kapasita. Transista hufunga na kufungua njia ya umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Njia ikifungwa, koili hujaa nguvu ya sumaku. Ikifunguliwa, koili husukuma nguvu hiyo kwenye kapasita, juu ya volti za betri. Koili ikijazwa nusu ya muda, volti huwa mara mbili. Ikijazwa robo tatu, huwa mara nne.

Kutoka 24 hadi 400, koili ingepaswa kujazwa karibu asilimia 94 ya muda wote. Kwa hesabu inawezekana, lakini kwa kazi haiendi vizuri: muda wa kutoa nguvu unakuwa mdogo mno, waya wa koili na transista vinachemka, na volti zinazotarajiwa hazifikiwi. Ndiyo maana wahandisi walitafuta njia nyingine:

- Transfoma ndogo. Umeme wa betri hukatwakatwa kwa kasi, hupandishwa na transfoma, kisha hunyooshwa tena. Njia hii hutumika sana katika mashine tunazoziita konvertisa.
- Koili pacha. Koili mbili kwenye kiini kimoja. Ya pili ikiwa na mizunguko mingi zaidi, volti huongezeka.
- Kapasita nyingi. Huchajiwa kila moja peke yake, halafu huunganishwa kwa mfuatano ili volti zao zijumlike.
- Hatua mbili. Kipandisha kimoja hulisha kingine. Lakini hasara nazo huzidishana: asilimia 95 mara mbili hubaki karibu 90.

Kamati iangalie nini?

Chagueni volti ya betri kabla ya kununua konvertisa. Kwa wati 1000, betri ya volti 12 hutoa ampea 83. Ya volti 48 hutoa 21 tu. Kwa kuwa joto la waya hukua kwa mraba wa ampea, waya uleule utapoteza sehemu moja kati ya 16 ukitoka volti 12 kwenda 48. Ampea nyingi ndizo huyeyusha viungio vilivyolegea na kuanzisha moto ndani ya jengo.

Waya kati ya betri na konvertisa uwe mfupi na mnene, na fyuzi ikae karibu na ncha chanya ya betri. Swichi ya upande wa betri iwe ile iliyotengenezwa kwa umeme mnyoofu, kwa sababu cheche zake hazizimiki upesi. Konvertisa iachiwe nafasi ya hewa, isifunikwe kitambaa.

Muulizeni muuzaji wati ambazo mashine inaweza kubeba saa nzima, si zile za kilele cha sekunde chache. Mwisho, mtu asiye fundi asiifungue, hata kama imezimwa: kapasita zake zaweza kushika bado volti 400, na hizo zinaua.