Somo la Historia: Sayari ya Tanzanite na Nyota ya Mpingo

Fungueni madaftari yenu, andikeni tarehe, kisha sikilizeni.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya vita wala ya watawala. Ni historia ya jinsi watu walivyopata kujua jambo ambalo hakuna aliyeliona kwa macho.

Katikati ya Desemba, kama saa tatu ya usiku, tokeni nje mtazame juu ya vichwa vyenu. Ikiwa mawingu ya mvua hayakufunga, mtaona nyota nyingi. Katikati ya hizo iko nyota moja ambayo hamtaiona bila darubini, kwa sababu iko mbali mno. Mwanga wake husafiri zaidi ya miaka 1,000 kabla ya kutufikia. Mwanga unaofika leo juu ya maporomoko ya Rusumo ulianza safari mamia ya miaka kabla Wajerumani hawajajenga boma la Biharamulo.

Jina la nyota hiyo ni Mpingo. Inazungukwa na sayari iitwayo Tanzanite. Sayari ni kitu kikubwa kinachozunguka nyota, kama dunia yetu inavyozunguka jua.

Lakini Tanzanite haifanani na dunia. Haina ardhi ya kukanyaga wala ya kulima. Ni tufe kubwa la gesi, lenye uzito zaidi ya mara 2 ya Mushtari, sayari kubwa kuliko zote za jua letu. Nayo iko karibu sana na nyota yake: umbali huo ni kiasi cha sehemu 1 tu katika 20 za umbali wa kutoka hapa mpaka jua. Kwa hiyo joto lake hupita nyuzi 1,500 za Sentigredi, joto la kuyeyusha chuma. Wazee wetu Warongo wa nchi ya Uzinza walivukuta kwa jasho jingi ili tanuru la chuma lishike moto. Kule moto ni wa siku zote, bila makaa na bila mivukuto.

Tena, sayari hiyo huizunguka nyota yake kwa siku 3 kasoro kidogo. Huo ndio mwaka wake. Tangu gulio la wiki hii mpaka gulio la wiki ijayo, imekwisha maliza miaka 2 na kuanza wa tatu.

Sasa huenda mmoja wenu anauliza: “Mwalimu, kama hakuna aliyeiona, mmejuaje?” Hilo ni swali zuri. Msimwonee haya mtu yeyote kwa kuuliza hivyo. Elimu yote ya nyota imejengwa juu ya swali hilo.

Mwaka 1952 mtaalamu mmoja, Otto Struve, aliandika kwamba huenda ziko sayari kubwa zilizo karibu sana na nyota zao, akaeleza na njia za kuzitafuta. Wengi hawakumjali. Waliona kwamba Mushtari iko mbali na jua, na mwaka wake ni karibu miaka 12 ya kwetu. Basi wakadhani sayari zote kubwa ni hivyo. Mazoea yaliwafunga macho.

Ikapita miaka 43. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Uswisi, wakitumia darubini iliyoko Ufaransa, walipima nyota moja usiku baada ya usiku. Waliona inayumba kidogo, mara moja kila siku 4 na kitu. Mtazameni baba anayemzungusha mtoto wake kwa mikono: mtoto huenda mbio, lakini baba naye huyumba. Nyota ile ilikuwa inayumbishwa na sayari kubwa iliyo karibu. Mwaka 2019 mabwana hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Iko na njia ya pili. Mnajua kipepeo wa usiku anapopita mbele ya karabai: mwanga hupungua kidogo. Wataalamu wa mradi uitwao WASP waliweka kamera katika kisiwa cha La Palma na huko Sutherland, Afrika Kusini. Kamera zilipiga picha za nyota nyingi mno, na hesabu ya mwanga wa kila nyota ikaandikwa. Nyota ya 71 katika orodha yao ilipungua mwanga kiasi cha sehemu 4 katika 1,000, kisha ikarudia baada ya siku 3 kasoro, ikarudia tena. Wakaipima pia kwa ile njia ya kuyumba. Njia zote mbili zikakubaliana, na mwaka 2012 habari ikatangazwa.

Kwa miaka kadhaa sayari hiyo ilikuwa na namba tu. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulitimiza miaka 100, ukazipa nchi zaidi ya 100 nafasi ya kutoa majina. Kenya ilitoa majina ya Kijaluo: nyota Kalausi, yaani kimbunga cha vumbi, na sayari yake Buru, yaani vumbi. Buru nayo ni ya gesi na ya moto. Tanzania ilitoa jina la mti wetu mgumu, mpingo, na la kito kilichovumbuliwa Mererani mwaka 1967.

Ndugu wanafunzi, jina tulipewa nafasi ya kulitoa. Lakini sayari yenyewe ilipatikana kwa kuhesabu, kuandika na kulinganisha. Kazi hizo tatu ndizo mnazojifunza hapa. Anayeandika kila siku kiasi cha mvua iliyonyesha shambani kwake ameanza kazi ya namna ile ile.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini watu hawakumjali Struve?
2. Kwa nini njia mbili ni bora kuliko moja?
3. Ni jambo gani kijijini kwenu lingejulikana vizuri kama lingeandikwa kila siku?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.