Safu ya Lugha: Ekzosi si sailensa

"Nimebadilisha ekzosi," anasema kijana mwenye Altezza. Chungulia chini ya gari: kilichobadilishwa ni sailensa ya nyuma tu, mengine yote yametoka nalo Japani. Hapo amebadilisha sailensa. Ekzosi ni mfumo mzima, kuanzia manifoldi inayopokea moshi kwenye injini, kupitia katalitiki na mabomba, hadi mdomo wa nje. Maneno yote mawili tumeyatoa kwenye Kiingereza, na sailensa kazi yake ni kunyamazisha. Ndiyo maana tangazo la "sailensa yenye kelele zaidi" hunichekesha. "Bomba la moshi" ni Kiswahili kizuri, ingawa bomba lenyewe tumelipata kwa Wareno, ila linataja mrija tu. Dohani, yenye asili ya Kiarabu, tuiachie meli na majengo.

Kuchanganya ekzosi na sailensa kuna gharama. Mngurumo wa kukatakata wa Impreza nyingi za zamani zenye turbo hautokani na sailensa. Unatokana na manifoldi ambayo mikono yake haina urefu sawa, hivyo moshi wa silinda hufika kwa kupishana. Ukimwambia fundi "weka ekzosi mpya" naye akafunga manifoldi ya mikono sawa, gari huenda likapumua vizuri zaidi, lakini mngurumo ule umekwisha. Na mngurumo si kelele: kelele utaipata kwa kukata sailensa tu, pamoja na lawama za majirani.